Kaseti Ilitangulia Simu

Anayeandika historia ya simu nchini Kenya huanza na waya, akarukia mnara, akamalizia na mkongo wa baharini. Kwa Nairobi mpango huo unatosha. Kwa Munje, kijiji cha wavuvi ubavuni mwa Msambweni, na kwa vijiji vingine vya mwambao wa Kwale, unaacha kando miaka mizima ambayo sauti ya ndugu aliye mbali iliingia nyumbani bila waya wala mnara. Simu ya intaneti inayotumiwa leo katika nyumba hizi ina babu yake, nami nashikilia kwamba babu huyo ni kaseti.

Waya hautuchukulii muda. Mkongo wa telegrafu kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka 1879, na Mombasa ikaunganishwa nayo 1890. Lakini ilipofika 1999, nchi yenye watu zaidi ya milioni 28 ilikuwa na laini za mezani zisizofika 400,000. Waya ulifuata ofisi za serikali, hospitali na hoteli za Diani. Nyumba ya makuti haikuwa njiani mwake.

Kaseti haikungoja kuunganishwa na yeyote. Philips waliitoa 1963, na katika miongo miwili iliyofuata redio kaseti ikawa chombo cha heshima sebuleni mwa Mpwani. Mombasa, maduka kama Mbwana Radio Service yalirekodi na kuuza taarabu, na mashine ileile iliyomwimbisha Juma Bhalo ilikuwa na kitufe chekundu cha kurekodia. Kaseti ya dukani ilivunjwa vijino viwili mgongoni ili isifutwe. Mwenye nyumba aliyaziba matundu kwa kipande cha karatasi na gundi, akafuta wimbo, akaweka salamu. Utepe ukilegea, ulirudishwa kwa kalamu ya risasi. Mawe ya redio yakichoka, yalianikwa juani. Kaseti ikatiwa mkobani mwa msafiri wa Arabuni, na baada ya wiki kadhaa ikarudi nyingine. Barua ilidai mwandishi, msomaji na Kiswahili cha shule. Kaseti ilipokea Chidigo cha bibi jinsi kilivyo, pamoja na kikohozi chake na jogoo wa uani.

Mtu atapinga: hiyo si simu, kwa kuwa simu ni kujibizana papo hapo. Pingamizi hili lina nguvu, nami nalikubali kwa nusu. Aliyefiwa hawezi kungoja kaseti. Lakini linachukulia kwamba watu walichotaka kwanza ni kasi, hali mazoea ya simu za mkononi yanaonyesha vingine. Safaricom na KenCell walipoanza kazi mwaka 2000, dakika iliuzwa ghali, na watu wakajifunza kubipu: simu ilie mara moja, ikatwe, mwenye uwezo apige. Kasi ilikuwepo, kilichokosekana ni nafasi ya kusema. Mnara ulileta habari, lakini mazungumzo marefu ya Muscat na Jeddah uliyaacha palepale yalipokuwa.

Wala tusidhani intaneti ilipewa njia mara moja. Telkom Kenya ilikuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya nje hadi katikati ya 2004, na ulilindwa kwa ukali: kituo cha kubadilishana data cha KIXP, kilichofunguliwa mwishoni mwa 2000, kilifungwa na msimamizi wa sekta baada ya majuma machache tu. Sauti ya bei nafuu ilihesabiwa karibu sawa na magendo. Bei ilianza kulegea baada ya mikongo ya TEAMS na SEACOM kutia nanga Mombasa mwaka 2009, na hesabu za sauti zikabadilika nazo. Simu ya kawaida ya kidijitali hula kilobiti 64 kwa sekunde. Opus, mfumo uliosanifishwa 2012, unaweza kuibana sauti ya mtu hadi 6. Ndiyo maana bando la shilingi chache hutosha.

Mwaka 2013 WhatsApp ikaleta ujumbe wa sauti: bonyeza, sema, tuma, ngoja. Kupiga simu kwa WhatsApp kulikuja 2015, na anayedai kwamba simu hizo ndizo zilizoyafanya mazoea mapya aitazame Ghuba. Imarati inazuia simu za WhatsApp, lakini ujumbe wa sauti unapita. Kwa hiyo binti aliyeajiriwa Dubai husema dakika nne akiwa jikoni, na nyumbani simu huunganishwa na sabufa kwa bluetooth ili wote wasikie, kisha mama hushika kitufe na kuanza kujibu toka mwanzo, salamu za majirani kwanza.