Kwa nini majibu ya homa ya ini B yana herufi nyingi hivyo?

Tuseme umepima homa ya ini aina ya B, ukapewa karatasi imeandikwa HBsAg: hasi. Unashusha pumzi, unaikunja, unaendelea na maisha. Ngoja kwanza. Karatasi hiyo imekujibu swali moja tu: je, kuna dalili ya virusi kwenye damu yako kwa sasa? Haijakuambia kama uliwahi kuambukizwa huko nyuma, wala kama una kinga. Maswali hayo yana vipimo vyake, na njia rahisi ya kuvielewa ni kuangalia vilivyopatikana kimoja baada ya kingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani Baruch Blumberg hakuwa anatafuta virusi. Alitaka kujua kwa nini protini za damu hutofautiana kati ya watu na watu. Akawaza hivi: mtu aliyeongezewa damu mara nyingi amekutana na protini nyingi za wenzake, kwa hiyo huenda ametengeneza kingamwili dhidi ya baadhi yake. Yeye na Harvey Alter wakachukua seramu, yaani majimaji ya damu, ya mgonjwa wa hemofilia aliyeongezewa damu mara nyingi, wakaikutanisha kwenye agari na sampuli kutoka pande mbalimbali za dunia. Seramu ya Mwaborijini mmoja wa Australia ilipokutana nayo, mstari ukajitokeza. Kitu hicho kipya wakakiita antijeni ya Australia.

Ni kitu gani sasa? Walipochapisha matokeo mwaka 1965 walikihusisha na saratani ya damu, kwa sababu kilionekana zaidi kwa wagonjwa hao. Kilionekana pia kwa watu wengi wenye sindromu ya Down waliolelewa kwenye taasisi kubwa. Wengine wakadhani ni jambo la kurithi. Kisha mmoja wao, ambaye kipimo chake cha kwanza kilikuwa hasi, akapimwa tena na kukutwa chanya, na katikati ya vipimo hivyo ini lake lilikuwa limeugua. Kitu cha kurithi hakibadiliki namna hiyo. Kumbe walikuwa wameshika sehemu ya kirusi. Kazi ya Kazuo Okochi huko Tokyo na Alfred Prince huko New York ikathibitisha uhusiano huo, na benki za damu zikaanza kupima damu kabla ya kumwekea mgonjwa.

Antijeni ya Australia ndiyo hiyo HBsAg ya leo. Herufi s inasimama kwa ganda la nje la kirusi. Mwaka 1970 David Dane na wenzake, London, waliona kwa darubini ya elektroni chembe nzima: ganda, na ndani yake kiini. Mwaka uliofuata June Almeida na wenzake walilivua ganda hilo kwa kutumia kemikali kama ya sabuni, kiini kikabaki peke yake, na wakaonyesha kwamba mwili hutengeneza kingamwili za kiini pia. Hapo ndipo ilipotoka herufi c. Mwaka 1972 Lars Magnius na Åke Espmark wa Sweden wakaeleza antijeni nyingine, e, ambayo kwa kawaida huonyesha kwamba virusi vinazaliana kwa wingi.

Jambo moja hapa linafungua karatasi yote. Damu ya mwenye maambukizi hujaa maganda matupu, mengi kuliko virusi kamili. Chanjo ya kwanza, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ilitengenezwa kwa kuchuja maganda hayo. Tangu 1986 ikapatikana nyingine ambayo ganda lake hutengenezwa na hamira. Chanjo hizi hazina kiini. Kwa hiyo aliyechanjwa tu hana kingamwili za kiini. Anayezipata ni yule aliyekutana na kirusi chenyewe.

Sasa soma:

- HBsAg chanya: una maambukizi. Yakidumu zaidi ya miezi 6, yanaitwa sugu.
- HBsAg hasi, anti-HBs chanya, anti-HBc hasi: una kinga ya chanjo.
- HBsAg hasi, anti-HBs chanya, anti-HBc chanya: uliambukizwa, mwili ukashinda.
- Zote tatu hasi: hujaambukizwa, lakini pia hakuna kinga inayoonekana. Zungumza na daktari kuhusu chanjo.
- Anti-HBc pekee chanya: jibu lenye maana zaidi ya moja. Huenda ni maambukizi ya zamani, huenda ni kosa la kipimo, huenda virusi vichache bado vimejificha. Hapa usijitafsirie mwenyewe.

Kwetu hili si la vitabuni tu. Kenya na Tanzania ziliingiza chanjo hii kwenye ratiba ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, hilo "hasi" lako linaweza kabisa kuwa la mtu asiye na kinga.

Na kama ni chanya? Siyo hukumu ya kifo. Kipimo cha wingi wa virusi na vipimo vya ini ndivyo vinavyosaidia kuamua nani aanze dawa kama tenofovir na nani afuatiliwe tu kwa sasa. Kirusi hiki hakiambukizwi kwa kusalimiana wala kula sahani moja. Hupita kwa damu, kwa ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Watu wa nyumbani nao wapimwe na kuchanjwa. Na kama una mimba, sema mapema kliniki, maana mtoto anatakiwa achanjwe ndani ya saa 24 za kwanza. Akiambukizwa wakati huo, uwezekano wa kubaki na ugonjwa sugu ni karibu 90%. Kwa mtu mzima ni chini ya 5%.

Kwa hiyo siku ukipewa hiyo karatasi, uliza: mmepima s peke yake, au na zile nyingine?