Kifaa cha Moyo wa Maiti na Mbwa Mgonjwa: Historia na Hukumu

Kila sifa njema anastahiki Allah, Muumba wa kila chenye roho. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika mas-ala yaliyozaliwa na tiba ya zama zetu ni hili. Mtu aliyewekewa kifuani kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, ambacho madaktari hukiita peismeka, anafariki na kifaa kingali kinafanya kazi. Huko Marekani wako jamaa wa maiti wanaokitoa ili awekewe mbwa mwenye maradhi ya moyo. Wako watakaosikia haya wakacheka, na wako watakaokasirika: vipi kifaa cha mwanadamu apewe mnyama ambaye akiramba chombo tunakiosha mara saba? Sisi tunasema, kabla ya kucheka au kukasirika, na tuitazame historia.

Mbwa ndiye aliyetangulia

Tarehe 7 Mei 1958, katika hospitali ya askari wastaafu mjini Buffalo, Marekani, daktari mpasuaji William Chardack aliunganisha kifaa kidogo kilichotengenezwa na mhandisi Wilson Greatbatch na moyo wa mbwa. Moyo ukafuata mapigo ya kifaa. Kilidumu kwa saa chache tu, maji ya mwili yakakiharibu, lakini njia ilikwisha funguka. Miezi mitano baadaye, tarehe 8 Oktoba 1958, mjini Stockholm, Åke Senning alimwekea Arne Larsson kifaa kilichotengenezwa na Rune Elmqvist. Nacho kilizimika baada ya saa chache, lakini mgonjwa yule alibadilishiwa vifaa zaidi ya ishirini maishani mwake. Akaishi hadi mwaka 2001, akiwa amewazika kwa umri mhandisi na mpasuaji wake. Mwaka 1960 vifaa vya Greatbatch navyo vikaanza kuwekewa watu.

Basi mbwa alikuwa chombo cha majaribio kabla ya kuwa mgonjwa wa kutibiwa. Zamu yake ilikuja miaka kumi baadaye. Mwaka 1968 madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha habari za mbwa ambaye umeme wa moyo wake ulikatika njiani, wakamwekea peismeka. Siku hizi waya hupitishwa katika mshipa wa shingo ya mbwa, na kifaa huzikwa chini ya ngozi hapo hapo shingoni.

Ugumu ulikuwa bei, kwani kifaa kipya ni ghali mno. Hapo ndipo desturi ya mazishi ya watu wale ilipoingia. Wengi wao huchoma maiti, na betri ya peismeka hulipuka ndani ya moto, hivyo ni lazima itolewe kwanza. Vifaa vikabaki mikononi, na sheria ya Marekani hairuhusu kumwekea mtu mwingine kifaa kilichokwisha tumika. Vingine vikapelekwa kwa mbwa. Mwaka 1991 madaktari wa mifugo huko wakaanzisha daftari na hazina ya pamoja ya vifaa hivyo.

Mnyama mgonjwa katika vitabu vyetu

Asidhani msomaji kwamba kumhurumia mbwa ni jambo lililotujia kutoka Ulaya. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa khofu yake, na Allah akamsamehe. Masahaba walipouliza kama wana ujira kwa wanyama, Mtume (S.A.W.) aliwajibu kuwa katika kila chenye ini bichi mna ujira.

Mafakihi hawakuiacha hadithi hii katika mawaidha tu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mwenye maji ambaye mnyama mwenye kuheshimiwa anayahitaji kwa kiu, humnywesha mnyama na yeye akatayamamu. Mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo ni katika hao wenye kuheshimiwa. Mbwa mkali mwenye kudhuru hayumo. Iangalie hekima hiyo: mnyama ni yule yule ambaye mate yake ni najisi, na maji ni ya udhu, hata hivyo kiu yake imetangulizwa. Kwa hiyo unajisi ni hukumu ya twahara na hauiondoi rehema. Na ndugu zetu Maliki wanamhesabu mbwa hai kuwa ni twahara.

Kisha akaja Sultani wa Maulamaa, Izzuddin bin Abdis-Salam, aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), akaorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu. Miongoni mwake ni kumhudumia mnyama hata akizeeka au akiugua ugonjwa ambao hana tena manufaa.

Maiti na mali

Uzito wa mas-ala, basi, hauko kwa mbwa bali kwa maiti. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Azimio la Jopo la Kimataifa la Fiqhi la Jeddah la mwaka 1988 linahusu viungo vya mwili, na peismeka si kiungo, ni mali.

Wazee wetu walikwisha ligusa jambo linalofanana nalo. Imam Shirazi, aliyefariki mwaka 476 Hijria (1083), alizungumzia mtu aliyemeza johari kisha akafa. Ikiwa ni ya mwingine, hupasuliwa ikarudishwa kwa mwenyewe. Ikiwa ni yake, kuna kauli mbili: moja, hupasuliwa kwa kuwa imekuwa ya warithi, ya pili, haipasuliwi kwa kuwa aliitumia katika uhai wake, na haki ya warithi haikufungamana nayo. Sisi tunaona peismeka iko karibu zaidi na kauli hii ya pili. Na kwa kuwa sisi tunazika wala hatuchomi, dharura ya moto haituhusu. Kwa hiyo ambaye hakuusia, na aachwe azikwe na kifaa chake. Aliyeusia kitolewe, mkato ni mdogo chini ya ngozi, nasi hatuoni ubaya, kwa sharti kiwe ni milki yake, madeni yalipwe kwanza, na wasia usizidi thuluthi. Ama kilichotolewa kwa mtu aliye hai akawekewa kingine, hapo hapana maiti wala mkato wa ziada. Ni mali yake, akitoe apendako.

Nani atangulie?

Limebaki swali ambalo ndilo zito kuliko yote. Madaktari wa Canada walichapisha mwaka 2020 habari za wagonjwa 1,051 wa Mexico, Jamhuri ya Dominika, Guatemala na Honduras waliowekewa vifaa vilivyotumika na kusafishwa upya. Walioambukizwa vijidudu walikuwa asilimia 2.0, na kwa wenye vifaa vipya ni asilimia 1.2, tofauti ambayo wataalamu hawakuihesabu kuwa ya kutegemewa. Chuo Kikuu cha Michigan nacho kimefanya jaribio la namna hiyo katika nchi kadhaa, ikiwemo Kenya, na matokeo yake ya mwanzo yalitangazwa mwaka 2024.

Wapo basi wana wa Adamu wanaokufa kwa kukosa kile kinachozikwa au kutupwa kwingine. Kanuni ya mafakihi ni kutanguliza lililo muhimu zaidi. Kifaa ambacho betri yake ina miaka mingi na njia ya halali ipo, haki yake ni mgonjwa maskini. Kilichobakiwa na miaka michache hakimfai mtu, lakini humtosha mbwa, kwani umri wake ni mfupi. Hapo kumpa si israfu, bali israfu ni kukitupa. Mwenye kukitoa na anuie ujira ule wa ini bichi, wala asione haya.

Wallahu a'lam.