Dragon Systems: historia ya kampuni iliyofundisha kompyuta kuandika imla

Siku hizi mtu anaweza kuisemea simu yake, nayo ikaandika ujumbe badala ya vidole. Wengi wamezoea jambo hilo, hasa kwa Kifaransa na Kiingereza. Lakini ni wachache wanaojua habari za mume na mke wa Marekani waliofanya sehemu kubwa ya kazi iliyotufikisha hapo, na jinsi kazi yao ya miaka mingi ilivyowatoka mikononi kwa muda wa miezi michache.

Mwanzo wa kazi

James Baker na mkewe Janet Baker walikuwa wanasayansi. Mwaka 1975 James alimaliza masomo yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh. Huko alijenga mfumo wa kutambua maneno ya mtu anayesema, akauita Dragon.

Wakati ule wataalamu wengi walitaka kuifundisha kompyuta kanuni za lugha, kama mwalimu anavyomfundisha mwanafunzi sarufi. James alishika njia nyingine, yaani hesabu za uwezekano zilizotokana na kazi ya Mrusi Andrei Markov. Kwa njia hiyo kompyuta haihitaji kuelewa maana. Inapima sauti iliyoingia, kisha inahesabu ni neno gani lina nafasi kubwa zaidi ya kuwa mahali pale. Tuchukue mfano wa Kiswahili: “vaa” na “faa” yanakaribiana sana masikioni. Lakini likifuata neno “viatu”, hesabu inaonyesha kwamba msemaji amesema “vaa”.

Kampuni yaanzishwa

Baada ya kufanya kazi katika kampuni ya IBM, kisha Verbex, James na Janet walianzisha kampuni yao wenyewe mwaka 1982, huko Newton, karibu na mji wa Boston. Waliiita Dragon Systems. Walianza bila fedha za wawekezaji wakubwa.

Mwaka 1990 walitoa DragonDictate, programu ya imla yenye maneno mengi kwa kompyuta za kawaida. Bei yake ilikuwa dola 9.000. Tena msemaji alipaswa kunyamaza kidogo baada ya kila neno, la sivyo kompyuta ilishindwa kujua neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Hata hivyo, kwa watu ambao mikono yao haikuweza kuandika, programu hiyo ilikuwa msaada mkubwa.

Mwaka 1997 ilikuja Dragon NaturallySpeaking. Sasa mtu aliweza kusema mfululizo, kama anavyozungumza na mwenzake, na maneno yakatokea kwenye kioo. Bei ilishuka hadi dola 695. Madaktari, wanasheria na waandishi wakaanza kuitumia.

Mauzo ya mwaka 2000

Wakati huo kulikuwa na kampuni ya Ubelgiji iliyosifiwa sana katika kazi hiyo hiyo. Iliitwa Lernout & Hauspie, nayo ilianzishwa mwaka 1987 na Jo Lernout na Pol Hauspie, katika eneo la Ieper. Mwaka 2000 ilinunua Dragon Systems kwa thamani ya karibu dola milioni 580. Malipo hayakuwa fedha taslimu. Yote yalikuwa hisa, yaani sehemu za umiliki wa kampuni hiyo ya Ubelgiji. Benki ya Goldman Sachs ndiyo iliyowashauri wauzaji, kwa malipo ya dola milioni 5.

Mwezi wa nane mwaka huo huo, gazeti la Wall Street Journal lilichunguza mauzo ambayo Lernout & Hauspie ilidai kuyafanya huko Korea Kusini. Baadhi ya waliotajwa kuwa wateja walisema hawakufanya biashara ya kiasi hicho. Hesabu zilikuwa zimeongezwa kwa udanganyifu. Kufikia mwezi wa kumi na moja kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na hisa walizopokea akina Baker zikabaki bila thamani.

Mwaka 2010 mahakama ya Ubelgiji iliwatia hatiani Lernout na Hauspie. Akina Baker nao waliishtaki Goldman Sachs, wakisema haikumchunguza mnunuzi ipasavyo. Benki ilijibu kwamba kukagua vitabu vya hesabu haikuwa kazi yake. Mwezi wa kwanza mwaka 2013, mjini Boston, raia walioteuliwa kuamua kesi hiyo waliipa benki ushindi.

Kazi iliendelea bila wenyewe

Programu yenyewe haikufa. Mwaka 2001 kampuni ya ScanSoft ilinunua mali ya Lernout & Hauspie iliyohusu sauti, Dragon ikiwemo, kwa bei ndogo sana ikilinganishwa na ile ya mwaka uliotangulia. Mwaka 2005 ScanSoft iliungana na Nuance na kuchukua jina hilo. Nuance ikawa kubwa, na ujuzi wake ulitumika hata katika Siri ya simu za Apple. Mwaka 2021 Microsoft ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 19,7, na mauzo yakakamilika mwaka 2022.

Anayeuza kiwanja kwetu huuliza kwanza: mnunuzi ni nani, na fedha anazo kweli? Akina Baker walijua kuipima sauti ya mtu yeyote. Swali hilo la mnunuzi waliwaachia wengine, na wale waliolipwa ili kuwashauri walisema mbele ya mahakama kwamba halikuwa lao.