Wati 75, Sentimita 8

Kadi ilikuwa na tundu la VGA. Hapo ndipo ningefaa kurudisha simu mfukoni na kutoka.

Lakini sikujua. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, nikiishi kwa kuandikia watu makala mtandaoni, na nilikuwa nimemwahidi ndugu yangu mdogo kitu kimoja: likizo ya Agosti akija kwangu tutacheza gemu kwenye TV, si kwenye simu. Mashine nilikuwa nayo. Kompyuta ya ofisi, eksi-UK, nyembamba kama kamusi mbili zilizolazwa moja juu ya nyingine, inakaa chini ya TV bila kumsumbua mtu na inacheza filamu poa tu. Ilikosa kadi ya grafiki. Muuzaji mmoja katikati ya jiji akaniambia, "Boss, hii ni 1050 Ti, safi kabisa, haujajuta." Shilingi 9,000. Kodi ya nyumba ilikuwa imebaki wiki mbili. Nikatuma kwa M-Pesa.

Nyumbani, draiva ikakataa kuingia. Nikapakua GPU-Z, programu ndogo ya bure inayosoma chipu yenyewe badala ya kuamini jina lililobandikwa juu. Ikaniandikia neno moja ndani ya mabano, kando ya jina la kadi: FAKE. Ndani kulikuwa na chipu ya kizazi cha Fermi, ya mwaka 2010, iliyofundishwa kudanganya jina lake.

Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikaanza kusoma, kwa sababu kuna kitu sikuelewa: mbona mtu ahangaike kughushi kadi ndogo ya bei ya chini, wakati kuna zile kubwa za pesa nyingi? Jibu lilinirudisha nyuma hadi miaka ya tisini.

Mwaka 1996 kampuni ya Marekani iitwayo 3dfx ilitoa kadi ya Voodoo. Haikuweza hata kuonyesha herufi za kawaida kwenye skrini. Ulikuwa unabaki na kadi yako ya zamani, halafu unapitisha picha kwa waya kutoka kadi moja hadi nyingine. Kazi yake ilikuwa gemu pekee, na umeme wote iliokula ulitoka kwenye sloti iliyochomekwa. Miaka minne baadaye kampuni hiyo hiyo ikauza Voodoo 5 5500, yenye chipu mbili, na sloti haikutosha tena. Kadi ikahitaji waya wake wa moja kwa moja kutoka pawa saplai. Mwisho wa mwaka 2000 3dfx ikakubali kuuza mali zake kwa Nvidia, lakini ile tabia ya kuongeza waya haikufa nayo.

Mwaka 2003 ikaja kanuni mpya ya sloti, PCI Express, ambayo ndiyo tunayotumia hadi leo. Kanuni hiyo iliweka kwamba kadi ya grafiki inaweza kunywa hadi wati 75 kupitia sloti. Ukitaka zaidi, leta waya. Hesabu hiyo imekaa palepale zaidi ya miaka ishirini, wakati kadi kubwa za leo zinapita wati 400.

Wakati kadi zinanenepa, kuna watu walikuwa wanataka kompyuta ikonde. Mwaka 2001 VIA ya Taiwan ilionyesha madabodi ya Mini-ITX, sentimita 17 kwa 17. Mwaka 2002 Microsoft ikatoa Windows XP Media Center Edition, ya kuendeshwa kwa rimoti ukiwa kwenye sofa. Mwaka huohuo wakereketwa fulani wakaanza kuandika programu ya kuchezea filamu kwenye Xbox, ambayo baadaye ikawa XBMC, na tangu 2014 tunaiita Kodi. Desemba 2002 kanuni ya kwanza ya HDMI ikatangazwa. Ndoto ilikuwa wazi: kompyuta iingie sebuleni na kukaa chini ya TV kama deki.

Ndoto yenyewe ilikufa kimyakimya. TV zikapata intaneti zenyewe, na Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 Media Center haikuwemo tena. Lakini kasha jembamba halikufa, kwa sababu kulikuwa na mteja mwingine ambaye hajali gemu wala filamu: ofisi. Makampuni yalinunua mashine nyembamba kwa mamia ili meza zibaki na nafasi. Zikitumika miaka minne au mitano zinatupwa sokoni, zinapanda meli, na siku moja unazikuta zimepangwa kama mikate kwenye duka la Nairobi. Kwa hivyo umbo la mashine yangu liliamuliwa na afisa ununuzi fulani Uingereza ambaye hakuwahi kumwaza dogo wangu.

Na huyo afisa aliniachia vipimo viwili. Cha kwanza ni urefu: kile kibati cha nyuma kinachoshikilia kadi. Cha kawaida ni sentimita 12, cha kasha jembamba ni karibu 8. Cha pili ni umeme: pawa saplai ndogo isiyo na waya wa ziada wa kadi. Wati 75 za sloti ndizo unazo, na mashine nyingine za ofisi hazikupi hata hizo zote. Soma mwongozo wa mashine yako kabla ya kununua chochote. Nasema hivi nikijua wewe pia hautausoma.

Sasa ile bei. Februari 2014 Nvidia ilitoa GTX 750 Ti, dola 149, wati 60. Mashine za PlayStation 4 zilikuwa zimeingia madukani miezi michache tu, na wasee wakagundua kwamba kompyuta ya ofisi iliyopewa kadi hii inaweza kucheza gemu za kizazi hicho bila aibu, bila kubadilisha pawa saplai. Kwangu mimi hiyo ndiyo kadi muhimu kuliko zote katika hadithi hii, hata kama leo HDMI yake inaishia picha 30 kwa sekunde kwenye TV ya 4K. Oktoba 2016 ikafuata GTX 1050 Ti: dola 139, wati 75 kamili, memori GB 4, na HDMI inayofikisha 60. Aprili 2019 GTX 1650, wati 75 tena. Zote tatu zilipata matoleo mafupi ya kibati cha sentimita 8, lakini matoleo hayo yalikuwa machache kuliko marefu. Uchache huo ulinigharimu.

Halafu wachimbaji wa sarafu za kidijitali wakaingia. Mwaka 2017 na 2018 walifagia kadi kubwa, na wachezaji wakashuka kwenye ndogo, bei zikapanda. Mwaka 2021 hali ilikuwa mbaya hadi Nvidia ikawarudishia watengenezaji chipu za 1050 Ti, kadi ya miaka mitano. Ilikuwa na faida moja ya ajabu: uchimbaji wa Ethereum ulikuwa umeshapita uwezo wa memori ya GB 4, kwa hivyo mchimbaji hakuitaka. Septemba 2022 Ethereum ikaacha kabisa uchimbaji wa kutumia kadi, na kadi kubwa zikamwagika sokoni. Za wati 75 fupi hazikumwagika vile, maana si hizo zilizokuwa zinachimba. Watu wenye mashine za ofisi bado wanazigombania. Ukitaka kughushi, ghushi kitu ambacho mnunuzi hana mbadala wake.

Hata majina halali yanahitaji macho. GT 1030 ilitoka mwaka 2017 na memori ya GDDR5. Mwaka uliofuata likaja toleo la DDR4, jina lilelile, lakini memori yake inapitisha karibu theluthi moja tu ya data kwa sekunde. Hiyo haikughushiwa na mtu wa uchochoroni. Imeandikwa kwenye boksi, kwa herufi ndogo.

Wanaouliza wanunue nini leo, mimi nawauliza kwanza madabodi yao ni ya mwaka gani. Radeon RX 6400 ya 2022 inakula wati 53 tu na inaingia vizuri kwenye kasha jembamba, lakini inatumia njia nne tu za PCI Express. Kwenye madabodi ya kizazi cha nne sawa, kwenye ya tatu kama yangu inaanza kukwama. Tena haifungui video za AV1, ambazo YouTube inazitumia sana, kwa hivyo kwa mashine ya filamu hilo ni pengo. RTX 3050 ya GB 6, ya Februari 2024, inakula wati 70, inafungua AV1, na ina matoleo mafupi. Ukiwa na doo, chukua hiyo. Kuna pia RTX 4060 fupi, tamu kweli, ila inahitaji waya wa umeme. Itaingia kwenye kasha ikose pa kunywa.

Mimi sikuwa na doo. Mwenye nyumba nilimwomba wiki moja, akanipa siku nne. Nikaandika makala kumi na mbili kuhusu bima ya magari ya nchi ambayo sijawahi kufika, nikapata 1050 Ti fupi ya mtumba kwa muuzaji mwingine aliyekubali niichomeke kwake dukani na GPU-Z niliyobeba kwenye flashi. Aliniangalia kama polisi. Nikaangalia nyuma kwanza: hakuna VGA. Chipu za kizazi hicho, Pascal, haziwezi kutoa picha ya analojia zenyewe. Kenya yenyewe ilizima TV za analojia mwaka 2015, na mimi nilikuwa bado nanunua tundu lake kwa elfu tisa.

Dogo alifika Jumapili. Alitazama ile mashine chini ya TV, akauliza, "Bro, kompyuta iko wapi?" Nikamwonyesha. Akacheka, halafu akanichapa mabao matano kwa moja.

Kadi feki hakutaka niitupe. Aliibeba nyumbani, akaichomeka kwenye kompyuta ya mathe, ile kubwa ya zamani ambayo kadi yake iliungua. Monita yake ni ya VGA. Mathe anapigia hesabu za chama hapo kila mwisho wa mwezi.