Ugonjwa wa fizi wa mbwa

Ugonjwa wa fizi wa mbwa ni ugonjwa unaoharibu fizi, mfupa wa taya na nyuzi zinazolishikilia jino katika kinywa cha mbwa. Husababishwa na bakteria wanaojikusanya kwenye meno. Ni miongoni mwa magonjwa yanayowapata mara nyingi mbwa wa kufugwa. Wengi wao huwa na dalili za awali wanapofikia umri wa miaka 3. Ugonjwa ukigunduliwa mapema hupona kabisa, lakini mfupa ukishaliwa kwa kawaida haurudi.

Meno ya mbwa

Mbwa huzaliwa bila meno. Meno ya utotoni, ambayo ni 28, huanza kuota kati ya wiki ya 3 na ya 6. Kati ya mwezi wa 4 na wa 7 hung'oka na kupisha meno 42 ya kudumu: 20 katika taya la juu na 22 katika taya la chini. Kati ya hayo, meno ya mbele ni 12, chonge ni 4 na magego ni 26. Jino la utotoni lisipong'oka, hubanana na lile jipya, na chakula hunasa katikati yake.

Chanzo

Saa chache baada ya jino kusafishwa, bakteria huanza kutanda upya juu yake. Utando huo usipoondolewa, madini yaliyomo katika mate huugandisha kwa siku chache ukawa ukoga mgumu wa rangi ya njano au kahawia, usiotoka kwa mswaki. Bakteria wakiingia chini ya ufizi, mwili hupambana nao, na mapambano hayo huchangia kuharibu nyama na mfupa vinavyolishikilia jino.

Mate ya mbwa hayana asidi nyingi kama ya binadamu. Ndiyo maana meno yake hutoboka kwa nadra, lakini ukoga huganda upesi. Mbwa wa aina ndogo, kama vile Chihuahua na Yorkshire Terrier, huathirika zaidi kwa kuwa meno yao yamebanana katika taya dogo.

Dalili

- harufu mbaya ya mdomo
- fizi nyekundu, zilizovimba au zinazotoka damu
- kudondosha chakula au kutafunia upande mmoja
- kutokwa na mate yenye damu
- meno kulegea
- uvimbe chini ya jicho, ambao mara nyingi hutokana na usaha kwenye mizizi ya gego kubwa la juu
- kupiga chafya na kutokwa na usaha puani

Mbwa huficha maumivu. Wengi huendelea kula hata mzizi wa jino ukiwa na usaha, hivyo kula vizuri si uthibitisho kwamba kinywa ni kizima. Harufu mbaya nayo hudhaniwa kuwa ni kawaida ya mbwa, ilhali mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza.

Tahadhari: mbwa anayetokwa na mate mengi, aliyelegea taya au aliyebadilika tabia ghafla anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Asifunguliwe mdomo kwa mikono kutafuta jino bovu au mfupa ulionasa. Mtu aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate kwenye jeraha, anapaswa kuosha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja.

Hatua za ugonjwa

- Hatua ya 1: fizi zimevimba, lakini mfupa bado mzima.
- Hatua ya 2: jino limepoteza chini ya 25% ya kinacholishikilia.
- Hatua ya 3: limepoteza kati ya 25% na 50%.
- Hatua ya 4: limepoteza zaidi ya 50%, kwa kawaida hung'olewa.

Katika mbwa wadogo, taya lililoliwa sana linaweza kuvunjika hata kwa pigo dogo.

Matibabu

Daktari wa mifugo humlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, hupima kina cha nafasi kati ya jino na ufizi, na hupiga picha ya eksirei ikiwezekana. Kisha huondoa ukoga juu na chini ya ufizi, hung'arisha meno na kung'oa yasiyookoka. Kukwangua ukoga mbwa akiwa macho huyafanya meno yaonekane meupe, lakini ugonjwa hubaki chini ya ufizi. Antibiotiki peke yake pia haiponyi.

Mbwa asipewe dawa za binadamu za kutuliza maumivu, kama paracetamol, ibuprofen au diclofenac, kwa kuwa zinaweza kumdhuru au kumuua. Dawa na kipimo chake huamuliwa na daktari wa mifugo.

Baada ya kung'olewa meno, mbwa hupewa chakula laini kwa siku kadhaa, kwa mfano wali au ugali uliolainishwa kwa mchuzi wa nyama usio na chumvi wala vitunguu. Vitunguu ni sumu kwa mbwa. Kidonda kikipona, hata mbwa asiye na meno huweza kula na kunenepa.

Kinga

Njia bora ni kupiga mswaki kila siku. Mswaki laini wa mtoto, au kitambaa safi kilichozungushwa kidoleni, hutosha. Mbwa huzoeshwa polepole: kwanza kuguswa midomo, kisha kusuguliwa upande wa nje wa meno. Mwenye fizi zenye vidonda atibiwe kwanza, kwa sababu mswaki utamuumiza na atauchukia.

Hutumika dawa ya meno ya mbwa, au maji matupu kama haipatikani. Dawa ya binadamu haifai, kwa kuwa mbwa huimeza. Nyingine zina kiongeza utamu kiitwacho zailitoli, ambacho kinaweza kumuua.

Mifupa migumu, pembe na mawe huweza kuvunja magego, na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kutoboa utumbo. Kitu cha kutafuna kinachofaa ni kile kinachobonyea kwa ukucha.

Tazama pia

- Mbwa
- Jino
- Kichaa cha mbwa