Tembo wa Tabora: dhahabu ya kweli, sarafu ya uongo

Luhwindja hakuna anayehitaji kufundishwa dhahabu. Wachimbaji wadogo waliufukua mlima wa Twangiza kwa sururu miaka mingi kabla kampuni ya Banro haijaanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2012, na akina mama wakatwanga mawe hadi yakawa unga. Huku mashariki mwa Kongo mizani ya mnunuzi imewahi kubeba mengi upande wa pili wa punje: vijiti vya kiberiti, hata sarafu za zamani ambazo hazinunui tena chumvi.

Ipo sarafu moja isiyostahili kazi hiyo. Ni ndogo, upana wake milimita 22. Upande mmoja una tai wa Ujerumani na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani; upande wa pili tembo ameinua mkonga mbele ya mlima, na hapo pana mwaka 1916 na herufi T. Hiyo T ni Tabora, mji wa Tanzania ya leo. Thamani iliyoandikwa ni rupia 15.

Dhiki ndiyo iliyoizaa. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza 1914, meli za Waingereza zilifunga bahari, na koloni la Wajerumani likakosa sarafu zilizokuwa zikitoka Ulaya. Wakachapa noti wenyewe, lakini askari na wapagazi hawakuipenda karatasi ya serikali inayokimbia, na nani angewalaumu? Basi karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha. Maganda ya risasi za mizinga yakayeyushwa kutengeneza sarafu za heller. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, ikawa rupia 15. Zilipigwa 16,198 tu.

Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, liliingia Tabora chini ya Jenerali Tombeur. Walioingia walikuwa Wakongomani kwa maelfu: askari, na nyuma yao wapagazi waliokokotwa kutoka vijijini. Usumbura, Bujumbura ya leo, ilikuwa imeanguka Juni, Kigoma Julai. Kwa hiyo mtu wa Kivu akikwambia babu yake alirudi na sarafu kutoka Tabora, usimcheke, njia ilikuwepo. Ila hadithi haipimwi kwenye mizani. Sarafu inapimwa: gramu 7.168.

Kwanza tuwaondoe tembo wengine. Miaka ya 1940 Banque du Congo Belge ilitoa sarafu za shaba ya njano zenye tembo. Ile ya faranga 2 ya mwaka 1943, yenye umbo la pembesita, ilipigwa Philadelphia, Marekani. Ukizisugua zinawaka kama dhahabu, na nadhani hizo ndizo zinazowadanganya wengi. Soma maandishi: yake ni Kifaransa na Kiholanzi, si Kijerumani.

Ikiwa ni Kijerumani, lete mizani. Dhahabu ya Tabora ni sehemu 750 katika 1,000, na sarafu nzima ni nzito karibu mara 15 kuliko maji. Shaba ya njano haizidi sana mara 8 na nusu. Bandia ya shaba yenye upana na unene uleule itafika gramu 4 tu. Mghushi akitaka ifike 7 lazima ainenepeshe karibu mara mbili, na hapo vidole vinatosha kumkamata.

Hadi hapo fundi yeyote wa dhahabu wa Bukavu anaweza. Matata yanaanzia mbele. Asidi na moto vinauliza kama ni dhahabu. Haviulizi nani aliyeipiga sarafu. Dhahabu iliyomo haifiki gramu 5 na nusu, lakini wakusanyaji wa sarafu huilipia bei iliyo juu kabisa ya dhahabu hiyo. Basi mwizi ana faida hata akiighushi kwa dhahabu ya kweli yenye uzito sahihi, na katika nchi ya mchanga wa dhahabu hakosi malighafi.

Hapo inabidi kushika kioo cha kukuzia. Sarafu za Tabora ni za aina mbili: katika moja, pambo la kulia upande wa tai linaishia chini ya T ya OSTAFRIKA; katika nyingine, chini ya A ya kwanza. Isiyofuata hata moja, iache. Iliyomiminwa kwenye kalibu huonyesha vitundu vidogo kama vya mkate, herufi zilizolegea, na wakati mwingine mstari ukingoni, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Lakini usitafute unadhifu wa Berlin. Sarafu hii ilitengenezwa vitani, katika karakana ya reli, na halisi yenyewe ina makosa ya haraka. Mimi ningeishuku zaidi ile iliyonyooka kupita kiasi.

Aliye nayo nyumbani asiisugue kwa majivu, asiikwangue kwa tupa, asiitie asidi. Alama moja ya tupa huondoa bei ya sarafu na kubakiza bei ya dhahabu. Aipige picha pande zote mbili na ukingo, kisha aipeleke kwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Ikisoma 4, ampe mtoto achezee.