Seva ya faili ni kazi, si mashine

Ukiingia ofisi mjini Migori au Homa Bay ukaambiwa "seva iko chini, rudi kesho," umeshapewa maana ya kwanza ya neno hili: seva ni kitu kilicho mbali, pengine Nairobi, ambacho kikigoma hakuna wa kulaumiwa. Maana hiyo imewaponza wenye biashara ndogo. Wengi huamini seva ni mambo ya benki na serikali ya kaunti, na kwamba wao flashi inawatosha. Wachache wanaothubutu kununua huuziwa mtambo mkubwa kuliko haja yao.

Istilahi yenyewe si ngumu. Kiswahili kilichukua neno la Kiingereza linalotokana na kuhudumia, kikaliandika kwa tahajia yake, likaingia ngeli ya i-/zi-. Kompyuta na tarakilishi zimevutana miaka mingi katika madarasa ya Kenya, lakini seva haijapata mpinzani wa maana, nami sioni haja ya kuitafutia. Utata uko zaidi kwenye "faili." Kwa karani, faili ni jalada la kadibodi lenye karatasi nyingi ndani. Kwa kompyuta, kila karatasi ni faili peke yake. Ndiyo maana mteja humwambia fundi ana mafaili 40, fundi akifungua anakuta 9,000, na makisio ya diski yanaharibika kabla kazi haijaanza.

Basi seva ya faili ni kompyuta iliyopewa kazi ya kutunza mafaili mahali pamoja na kuyatoa kwa kompyuta nyingine zinazoyaomba kupitia mtandao, huku ikijua nani aruhusiwe kuona nini. Kazi hii ina jina la zamani: masjala. Katika ofisi za serikali masjala ni chumba cha majalada, na karani wake ndiye anayejua jalada liko wapi, nani amelichukua na nani haruhusiwi kuligusa. Sisemi tuliache neno seva. Nasema tu kwamba anayewaza masjala ataanza kwa kuuliza kazi gani ifanyike, si mashine iwe kubwa kiasi gani.

Chukua studio ya uchapaji na video, zile za karibu na hospitali na mochari. Upande huu wa ziwa mazishi yana kijitabu cha wasifu, bango la picha, na mpiga video wa kutwa nzima. Jumatano familia inatuma picha kwa WhatsApp. Alhamisi kijitabu kinasahihishwa, kwa kuwa jina la mkwe limekosewa na mjukuu mmoja ameachwa. Ijumaa kinachapishwa. Studio ina kompyuta 3 na flashi moja inayozunguka. Toleo lililosahihishwa limebaki kwenye kompyuta ya dirishani. Lililokwenda kwenye printa ni la jana yake. Jumamosi asubuhi mkwe anasoma jina lake likiwa limekosewa vilevile. Hapo shida si ukubwa wa diski. Studio haina masjala.

Ukubwa nao unahesabika. Video ya megabiti 24 kwa sekunde hula karibu gigabaiti 11 kwa saa. Kamera 2 zikirekodi saa 5, mazishi mamoja ni gigabaiti 108 hivi, na diski ya terabaiti 1 imejaa baada ya mazishi 9. Studio ya namna hiyo ianzie terabaiti 4. Kemisti au duka la pembejeo lenye stakabadhi na orodha za bei tu haliwezi kujaza hata robo ya hapo kwa miaka mingi.

Sasa mashine. Kwenye maduka ya mitumba utaoneshwa seva ya ex-UK, pana, nzito, bei ya kuvutia. Muulize muuzaji inakula wati ngapi. Mashine ya wati 200 isiyozimwa humaliza uniti 144 za stima kwa mwezi. Kisanduku kidogo cha diski 2, cha Synology au QNAP kwa mfano, kikila wati 20, humaliza uniti 14 na ushei. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya tokeni zako, kisha kwa miezi 12, uone kama ule unafuu wa dukani bado upo. Njia ya tatu ndiyo naipenda kwa mwenye mtaji mdogo: kompyuta ya mezani ya mtumba inayokula umeme kidogo, diski 2 mpya, na programu ya bure kama TrueNAS au Samba. Mashine iwe ya mtumba, diski, hapana. Diski ni kitu kinachochakaa, na hujui ilizunguka miaka mingapi huko ilikotoka.

Kwa nini diski 2? Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliandika kwamba diski nyingi ndogo za bei rahisi zikipangwa pamoja zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya bei ghali. Mpango huo wakauita RAID, na herufi ya tatu ilisimamia "bei rahisi"; baadaye ikafasiriwa kuwa "huru." Ule wa diski 2 zinazoandikwa kitu kilekile kwa wakati mmoja napendekeza tuuite diski pacha. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi. Bei yake ni kwamba diski 2 za terabaiti 4 zinakupa nafasi ya terabaiti 4, si 8.

Pacha hao lakini wanashiriki kila balaa. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, limefutika kotekote. Mwizi akibeba kisanduku, amewabeba wote wawili. Januari 2022 genge la DeadBolt lilifunga mafaili kwenye visanduku vya QNAP vilivyoachwa wazi kwenye intaneti, likadai bitcoin 0.03 kwa kila mwathiriwa, na diski pacha hazikumwokoa mtu. Kinachookoa ni nakala rudufu, ambayo kwenye istilahi za TEHAMA utaikuta pia kama "chelezo." Mimi nashika nakala rudufu kwa sababu inajieleza, mradi tukumbuke kwamba nakala iliyo ndani ya jengo lilelile ni nusu ya kazi. Duka likiwa Migori, diski ya nakala ilale Rongo. Likiwa Homa Bay, ilale Oyugis.

Wingu je? Kwa hati, ndiyo. Kwa video, piga hesabu kwanza: kupakia terabaiti 1 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku 9 bila kukatika. Na kukatika kupo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Kenya ikadorora. Waliokuwa na mafaili yao chini ya meza waliendelea kuchapa.

Stima ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Kuzimika kwa nchi nzima, kama usiku wa 25 Agosti 2023, kunaandikwa magazetini, ila kinachoua diski ni kule kupotea na kurudi kwa stima mara kadhaa mvua ya radi inapoanza. Nunua UPS yenye waya wa kuiambia seva ijizime yenyewe betri ikikaribia kwisha. Isiyo na waya huo inaahirisha tu ajali. Usiweke seva dirishani kwenye vumbi la maramu, na kwa Homa Bay kumbuka wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku: hujazana kwenye feni.

Kuna pia sheria. Kumbukumbu za kodi hutunzwa miaka 5. Na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mwenye nakala za vitambulisho vya wateja akidukuliwa, wateja wakawa hatarini, anatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Flashi iliyoanguka kwenye matatu ya Isebania haina nywila wala orodha ya walioifungua.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe seva, anakili faili, kisha achomoe diski moja mbele yako na alifungue faili lile tena. Akianza kutoa sababu, funga pochi uende duka la pili.